Ukiwa umelala sakafuni: simu, kitufe, saa au jirani?

Kabla ya kuandika haya nilifanya jambo ambalo mke wangu aliliona kichekesho. Nilijilaza kwenye sakafu ya bafu, mkono wa kulia nimeulalia, nikajifanya mguu mmoja haunitii. Kisha nikatazama nini ninachoweza kukifikia. Simu yangu ilikuwa chumbani, kwenye chaji. Simu ya mezani ilikuwa sebuleni, juu ya kabati. Spika inayotii amri ya sauti nayo ilikuwa sebuleni, milango miwili kutoka nilipokuwa. Nilipoiita kwa sauti ya kawaida haikuitika. Nilipopaza sauti ikaniwekea muziki.

Tangu siku hiyo sipimi njia za kuomba msaada kwa kuhesabu mambo zinayoweza kufanya. Nazipima kutokea pale chini. Kifaa kinachopendeza kikiwa mezani huwa hakina maana kwa mtu aliyelala gizani, mwili umelowa na ulimi umekuwa mzito. Kwa hiyo kila njia hapa chini nimeiuliza maswali manne. Naifikia nikiwa sakafuni? Inafanya kazi umeme na intaneti vikikatika? Anayepokea atajua nilipo hata nisipoweza kusema? Na huyo anayepokea ataingiaje ndani? Swali la mwisho ndilo watu hulisahau, na mimi nililisahau pia, kama utakavyoona.

Kitu kingine cha kukumbuka ni kwamba dharura hazina saa moja. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa wala moyo kushtuliwa kwa umeme hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Kiharusi kinachotokana na damu kuganda kina muda mrefu kidogo: dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na muda huo unajumlisha safari, vipimo na foleni. Mtu aliyeanguka akashindwa kuinuka ana saa yake pia. Akikaa chini zaidi ya saa moja misuli iliyokandamizwa huanza kuharibika na uchafu wake huelemea figo, mwili hupoa, ngozi huanza vidonda. Ukilinganisha njia bila kujua unakimbizana na saa ipi, utanunua kifaa kisichokufaa.

Simu ya mkononi dhidi ya simu ya mezani

Simu ya mkononi ina sifa ambazo wenye nazo wengi hawazijui. Namba ya dharura hupigwa hata salio likiwa limeisha, na hata skrini ikiwa imefungwa kwa nywila. Mtandao wa kampuni yako ukipotea, simu hutafuta mtandao wowote ulio karibu na kupitishia simu hiyo ya dharura, ndiyo maana wakati mwingine skrini huandika kwamba unaweza kupiga simu za dharura tu. Usidharau maandishi hayo, maana yake mlango mmoja bado uko wazi. Kwenye simu za GSM, yaani mfumo wa simu za mkononi unaotumika katika nchi nyingi, 112 imewekwa ndani ya mfumo wenyewe kuwa namba ya dharura, na mara nyingi ukiipiga mahali penye namba tofauti utaunganishwa na huduma ya hapo. Hata hivyo namba ya kwanza kuijua iwe ile ya nchi uliyopo.

Sifa kubwa zaidi ni kujua ulipo. Mwaka 2014 Uingereza ilianza kutumia mfumo ambao simu janja, mara tu inapopigiwa namba ya dharura, hujiwashia yenyewe kitambua mahali na kutuma taarifa hizo kituoni bila mpigaji kugusa kitu. Tangu hapo mfumo huo umeingia katika simu za Android na iPhone, na nchi nyingi zimeuunganisha na vituo vyao. Kwa mtu anayepoteza nguvu ya kusema, hiyo ni tofauti ya mbingu na ardhi. Ongeza hapo njia ya kubonyeza kitufe cha kuwashia mara tano mfululizo, ambayo kwenye simu nyingi za sasa huanzisha wito wa dharura bila kutafuta namba. Baadhi ya simu hutaka uiwashe kwanza kwenye mipangilio, kwa hiyo kaitazame leo ukiwa mzima.

Udhaifu wake ni mmoja lakini ni mkubwa: haikai mwilini. Bafuni hatuendi nayo. Usiku iko mezani. Na kama iko mfukoni, vidole vilivyolowa maji au damu huifanya skrini isielewe unachotaka. Hapo ndipo simu ya kitochi inapojitetea. Ina vitufe vya kupapasa gizani, chaji yake inakaa siku kadhaa, na ikianguka hutalia. Haitatuma mahali ulipo kwa usahihi wa simu janja, ila minara itatoa makadirio. Kwa mzee anayechanganywa na skrini ya kugusa, mimi ningechagua kitochi bila kusita.

Onyo kwa wanaoweka simu ya zamani isiyo na laini kwenye droo wakidhani itawaokoa: sheria hutofautiana. Zipo nchi zinazoruhusu simu isiyo na laini kupiga namba ya dharura, lakini Ujerumani, kwa mfano, iliacha kuruhusu jambo hilo mwaka 2009 kwa sababu ya wingi wa simu za mzaha. Weka laini hai, na uichaji.

Simu ya mezani ya waya wa shaba ilikuwa na fadhila mbili. Ilikula umeme wake kutoka kwenye kituo cha simu, takriban volti 48, kwa hiyo nyumba nzima ikiwa giza yenyewe inaita. Na kituo kilijua anwani ya waya huo. Nimesema ilikuwa, kwa sababu waya wa shaba unaondoka. Simu nyingi za mezani sasa zinapita kwenye ruta ya intaneti, na ruta inakula umeme wa nyumbani. Umeme ukikatika, simu imekufa. Uingereza imepanga kuzima mtandao wake wa zamani Januari 2027, na Desemba 2023 makampuni makubwa ya simu huko yalikubali kusitisha kuwahamisha wateja kwa lazima baada ya kugundulika kwamba vitufe vya dharura vya baadhi ya watu viligoma kwenye mfumo mpya.

Jaribio lake ni rahisi. Fuata waya wa simu uone unaingia ukutani au kwenye ruta. Kama ni kwenye ruta, chomoa ruta kwenye soketi, inua mkono wa simu na usikilize. Ukisikia kimya, hiyo si simu ya dharura mpaka uinunulie betri ya akiba.

Simu ya mezani pia ina hadithi inayoniambia jambo lingine kabisa. Novemba 1935 nyumba iliungua katika mtaa wa Wimpole, London, na wanawake watano wakafa. Jirani alikuwa na simu, simu ilikuwa nzima, aliwapigia zimamoto, lakini akabaki kwenye foleni ya kituo cha simu akisubiri kama mpigaji mwingine yeyote. Kutokana na malalamiko yake ikaanzishwa namba 999 tarehe 30 Juni 1937, ambayo iliwasha taa na kengele maalumu kituoni ili simu hiyo ipokelewe kwanza. Waya haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa upande wa pili wa waya. Ndiyo sababu siamini mtu anaponiambia njia yake ya dharura ni kumpigia mwanawe. Mwana ni mtu, anaoga, anaendesha gari, yuko kikaoni. Mpigie, lakini awe wa pili.

Hukumu yangu kati ya hizi mbili: simu ya mkononi ndiyo nguzo ya nyumba, kwa sharti iwe na mahali pa kudumu pa kulala palipo chini, panapofikika kutoka sakafuni. Stuli fupi kando ya kitanda ni bora kuliko kabati. Simu ya mezani ibaki kama waya wake bado unaingia ukutani, au kama ina betri.

Kitufe cha shingoni dhidi ya saa janja

Hapa ndipo pesa nyingi hutumika na ndipo makosa mengi hufanyika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kitufe cha dharura si kitu kipya. Mifumo ya kwanza ilianza Ujerumani na Marekani miaka ya 1970. Muundo wake haujabadilika sana: kuna kisanduku chenye spika na maikrofoni kinachokaa ndani, na kuna kitufe kidogo unachovaa shingoni au mkononi. Ukibonyeza, kitufe hutuma mawimbi ya redio hadi kwenye kisanduku, kisanduku hupiga simu kwenye kituo chenye wahudumu mchana na usiku, na mhudumu huongea nawe kupitia spika. Barani Ulaya mawimbi hayo yametengewa masafa yake karibu na megahezi 869.2, ili yasigombane na vifaa vingine vya nyumbani. Mhudumu ana jina lako, anwani yako, maradhi yako na orodha ya watu wa kuwaita. Hata usipojibu, anajua pa kutuma msaada.

Kwa maswali yangu manne, kitufe kinashinda mawili. Kinafikika, kwa kuwa kimo mwilini. Kinajua ulipo, kwa kuwa kisanduku hakihami. Zaidi ya hayo, anayepokea ni mtu ambaye kazi yake ni hiyo. Betri ya kitufe hudumu miaka, na vingi unaweza kuingia navyo bafuni bila tatizo. Udhaifu wa wazi ni kwamba hufanya kazi ndani ya nyumba na uani tu, kina malipo ya kila mwezi, na kisanduku hutegemea umeme. Uliza betri ya akiba ya kisanduku inakaa saa ngapi. Uliza pia kinatumia mtandao wa kizazi gani. Mwaka 2022 makampuni ya simu Marekani yalipozima mitandao yao ya kizazi cha tatu (3G), vitufe vilivyotegemea mitandao hiyo vilibaki mapambo. Hakuna sababu ya wewe kununua leo kifaa ambacho mtandao wake umeshatangaziwa mwisho.

Lakini udhaifu usioonekana ndio mbaya zaidi, na umepimwa. Mwaka 2008 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliofanyika Cambridge uliofuatilia kwa mwaka mmoja watu 110 wenye zaidi ya miaka 90. Asilimia 60 walianguka ndani ya mwaka huo. Miongoni mwa walioanguka, asilimia 30 walilala sakafuni saa moja au zaidi. Vifaa vya kuita msaada vilikuwepo katika nyumba nyingi, lakini katika visa vingi vya kulala chini muda mrefu havikutumika.

Sikushangaa, kwa sababu ya mama mkubwa wangu. Kitufe chake kilitundikwa kwenye msumari karibu na mlango, kamba imekunjwa vizuri, kama medali. Nilimuuliza kwa nini hakivai. "Mwanangu, nikivaa hiki watu watajua nimeisha." Siku alipoteleza jikoni alijikokota kwa makalio robo saa hadi mlangoni ili akifikie. Alipokifikia, hakukibonyeza mara moja. Alisubiri apate pumzi, maana hakutaka wamsikie akihema. Kuna wanaoogopa kusumbua watu, wapo wanaoogopa kupelekwa hospitali wasirudi nyumbani, na wapo wanaojipa dakika kumi nyingine za kujaribu kuinuka wenyewe. Hakuna fundi atakayekutengenezea kifaa cha kuondoa aibu. Hilo ni la kuzungumzwa na familia kabla, kwa upole, na kwa kukubaliana kwamba kubonyeza bure si kosa.

Saa janja imekuja kutibu sehemu ya ugonjwa huo, kwa kuwa hakuna anayeona haya kuvaa saa. Tangu mwaka 2018, Apple Watch Series 4 ilipotoka, saa za aina hii zimeanza kutambua mwanguko mzito zenyewe. Saa hiyo ikihisi umeanguka vibaya na hujasogea kwa takriban dakika moja, hupiga kengele, na usipoizima huita huduma ya dharura na kuwatumia ndugu uliowaandika ujumbe wa mahali ulipo. Makampuni mengine yamefuata. Kwa aliyepoteza fahamu, ambaye hana kidole cha kubonyeza, hii ni faida ambayo kitufe cha kawaida hakina, ingawa siku hizi vipo vitufe vyenye kihisi cha mwanguko pia.

Mbona basi sisemi kila mtu anunue saa? Kwanza chaji. Saa nyingi za aina hii hutaka kuchajiwa kila siku au kila baada ya siku moja, na watu huichaji usiku, saa ileile wanayoamka gizani kwenda chooni. Pili, nyingi ni mkia wa simu: kama saa haina laini yake na simu iko mbali, haipigi. Tatu, kihisi kinatafuta kishindo. Mtu anayeteleza taratibu kutoka kitandani, au anayekaa chini kwa sababu miguu imelegea, haangushi kishindo, na saa itadhani amepumzika. Nayo hushtuka bure: kupiga makofi kwa nguvu au kugonga meza kunaweza kuianzisha. Mwenye saa ajue kuizima ndani ya sekunde chache, vinginevyo ataivua kwa hasira wiki ya kwanza.

Uamuzi wangu hauko sawa kwa wote. Anayetumia simu janja vizuri, anayetoka nje na kutembea peke yake, achukue saa yenye laini yake na aichaji jioni anapokula au kutazama runinga, si usiku. Asiyetaka kujua habari za skrini, anayeshinda nyumbani, achukue kitufe. Ukishachagua kitufe, fikiria pa kukivaa. Cha mkononi huonekana kama saa na hulali kikikukaba, lakini kinahitaji mkono wa pili kukibonyeza. Kwa aliyewahi kupata kiharusi, kivaliwe kwenye mkono dhaifu ili mkono wenye nguvu ukifikie. Cha shingoni hubonyezwa na mkono wowote, ila kamba yake iwe ya kuachia ikivutwa, isije ikanyonga.

Kuna binamu wa kitufe asiyesifiwa inavyostahili: kamba ya kuvuta ya bafuni. Haisahauliki kuvaliwa, haihitaji chaji ya kila siku. Sharti lake ni moja, kikuku chake cha chini kikae kama sentimeta 10 tu kutoka sakafuni. Ukienda kwenye nyumba za wazee au vyoo vya umma mara nyingi utaikuta imefungwa fundo juu ili isiwasumbue wanaodeki. Ifungue.

Spika, programu na kundi la ujumbe

Sehemu hii ni fupi. Spika janja nyingi hazipigi namba za dharura zenyewe. Zinaweza kumpigia ndugu uliyemwandika, na kwa mtu asiyeweza kutumia mikono hiyo ni nafuu ya kweli, mradi umeme upo, intaneti ipo na sauti inafika. WhatsApp nayo haipigi namba za dharura. Na kuandika "nisaidieni" kwenye kundi la familia lenye watu thelathini ni kujidanganya: nusu wamezima sauti, na nusu nyingine kila mmoja anaamini mwenzake ameshaitika. Kama lazima utumie ujumbe, mwandikie mtu mmoja kwa jina.

Ujumbe mfupi wa kawaida ni suala jingine. Baadhi ya nchi zina huduma ya kutuma SMS kwa namba ya dharura, na kwa kiziwi au mtu anayejificha inaweza kuwa mkombozi. Uingereza, kwa mfano, inataka usajili simu yako kwanza kabla ya kuitumia. Usingoje siku ya shida ndipo ugundue hilo.

Jirani dhidi ya vyote

Rudi kwenye ile dakika ya moyo kusimama. Aliyesimama moyo hapigi simu, habonyezi, hasemi na spika. Na gari la wagonjwa, hata likiitwa papo hapo, lina barabara ya kupita. Anayeweza kukandamiza kifua ndani ya dakika tatu ni aliye ukuta wa pili. Kwa kipimo hicho jirani anawashinda wote, na hana malipo ya mwezi.

Lakini jirani ni njia tu kama mmepatana. Salamu za asubuhi si mapatano. Mapatano ni hivi: nikigonga ukuta mara tatu, nikatulia, nikagonga tena tatu, njoo. Au nikipuliza filimbi. Filimbi imenishangaza katika ulinganisho huu. Haina betri, haijali maji, hutumika na mtu asiye na pumzi ya kupiga kelele, na sauti yake hupenya mlango kuliko sauti ya binadamu, inayochoka mapema. Haijui kueleza tatizo na haivuki mitaa miwili, hilo nakubali. Ila imefungwa kwenye bomba la bafu langu sasa.

Mapatano mengine ni ya kubipu. Anayeishi peke yake humbipu mwenzake kila asubuhi kabla ya saa mbili. Isipobipiwa, mwenzake anapiga; isipopokelewa, anakwenda. Wenye teknolojia huweka vihisi vya mwendo ukutani vinavyotoa taarifa kama hakuna aliyepita ukumbini tangu alfajiri. Kazi ni ileile. Njia hizi hazifai moyo wala moto, kwa kuwa zinachelewa kwa saa kadhaa. Zinachozuia ni mtu kulala sakafuni siku mbili. Pamoja na hayo zina jambo ambalo kitufe hakina: hazimtaki mgonjwa afanye chochote. Ukimya wake ndio unaoita.

Moto, moshi na mtu mbaya

Mpaka hapa nimezungumza kama kwamba dharura zote ni za mwili. Moto unapindua hesabu. Kwenye moto unatoka kwanza, unapiga simu ukiwa nje, na usirudi ndani kufuata simu. Kwa hiyo simu ya mezani haina kazi, kitufe chenye kisanduku ndani kina kazi kwa sekunde chache tu, na simu ya mkononi ina kazi kama imo mwilini. Mlinzi wa kweli ni king'ora cha moshi, kwa kuwa ndicho kinachokuamsha. Ukilinganisha ving'ora, vilivyounganishwa, kimoja kikilia vyote vinalia, ni bora kuliko kimoja kinacholia peke yake jikoni huku umelala ghorofani. Kijaribu kila mwezi, kibadilishe kikifika miaka 10. Penye jiko la mkaa, gesi au jenereta ongeza cha monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu ambayo humlaza mtu kabla hajafikiria kuita yeyote. Kwa wanaotaka kulipa zaidi, vipo vinavyotoa taarifa kwenye kituo moja kwa moja, na kwa mtu asiyeweza kutoka kitandani bila msaada ningelipa.

Mtu mbaya ndani ya nyumba ni kinyume chake: filimbi, spika na kitufe kinachokujibu kwa sauti vinaweza kukuweka hatarini. Hapa simu ya mkononi iliyozimwa sauti ndiyo bora. Uingereza ina utaratibu kwamba aliyepiga 999 kwa simu ya mkononi asiyeweza kuongea hutakiwa kubonyeza 55 anapoambiwa, ndipo huunganishwa na polisi. Ukikaa kimya bila kubonyeza, simu inaweza kukatwa. Wanaodhani kupiga na kunyamaza kunatosha mahali popote wanakosea. Tafuta utaratibu wa huko uliko, uuandike kichwani.

Ningemshauri nani nini

Kijana mzima anayeishi na wenzake hahitaji kununua kitu. Aweke namba ya dharura, ajifunze ile mibonyezo mitano, aandike ndugu na maradhi yake kwenye ukurasa wa dharura unaosomeka skrini ikiwa imefungwa. Nyumba yenye watoto wadogo iwe na simu moja isiyotoka nyumbani, na mtoto afundishwe kusema anwani kabla hajafundishwa kusema kilichotokea, maana simu ikikatika baada ya anwani, msaada bado unakuja.

Mjamzito, mwenye kifafa au kisukari anayeishi na mtu anayeshinda kazini: saa yenye kihisi, na jirani mwenye mapatano. Mzee anayeishi peke yake: kitufe cha mkononi chenye kituo cha wahudumu, simu ya kitochi kando ya kitanda, kamba au filimbi bafuni, na kubipu asubuhi. Naona mtu akisema ni vingi. Lakini havifanyi kazi moja: kimoja ni cha anayeweza kubonyeza, kingine cha anayeweza kuongea, kingine cha asiyeweza lolote. Kama pesa inatosha kimoja tu cha kununua, nunua kitufe. Kama haitoshi hata hicho, anza na jirani.

Na ujaribu. Vituo vya vitufe hutarajia ubonyeze mara moja kwa mwezi kuhakikisha, usione haya. Namba ya dharura yenyewe usiipige kwa majaribio. Ukiipiga kwa bahati mbaya usikate haraka, sema umekosea, la sivyo watakupigia au kukutafuta wakati wengine wanawahitaji.

Mama mkubwa sasa anavaa kitufe mkononi. Tulikibadilisha kamba ikawa ya kahawia, anawaambia watu ni saa imeharibika. Nami juma lililopita nilijilaza tena bafuni, mke wangu akiwa safarini, nikapuliza filimbi kama tulivyopatana na jirani. Alikuja kabla sijapuliza mara ya tatu, akiwa na ufunguo wa akiba niliompa. Nikamsikia akihangaika na mlango, akiusukuma, akiniita. Ufunguo wake haukuingia. Wangu nilikuwa nimeuacha kwenye kitasa, upande wa ndani.